Mchagua Zana

Wazee walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Maneno hayo yamekaa katika lugha hata yakapata heshima ya sheria, na mtu akiyatamka mbele ya wavivu hapati mpinzani. Kusudi lake li wazi. Yuko mtu ambaye asubuhi huushika mpini huu akaupima, akauweka chini, akaupima mwingine, na jua likampata bado yu ukingoni mwa shamba. Methali imemfunua mtu huyo, naye amestahili kufunuliwa. Lakini methali ni kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo cha mwili mmoja: ikiondolewa shambani ikapelekwa katika karakana ya fundi mitambo, hubana mabegani. Katika karakana mchaguzi ndiye fundi, na yule anyooshaye mkono akatwaa chochote kilicho karibu ndiye wa kukanywa.

Akanywe kwa sababu gani? Watu wengi wangejibu kwamba kosa lake ni upungufu wa ustadi, na upungufu wa ustadi ni jambo la kufundishwa, wala halimpasishi mtu lawama. Fundi akitumia mashine ya umeme mahali palipotaka spana ya mkono, amekosea kama akoseavyo mwanafunzi wa hesabu. Jibu hilo ni la upole, na sehemu ya ukweli imo ndani yake, ila limemwacha nje mtu mmoja, naye ni mwenye kitu. Kila kinachotengenezwa kina mwenyewe, na aghalabu mwenyewe hayupo kinapofunguliwa. Amekiacha asubuhi, atakirudia jioni, na yaliyotendeka katikati hatayajua ila kwa kuambiwa. Kitu hicho ni amana. Mwanafunzi akikosa hesabu, karatasi yake mwenyewe ndiyo hupata alama nyekundu. Fundi akikosa zana, alama huingia katika mali ya mtu mwingine, na pengine katika mwili wake.

Swali hili halikuzuliwa juu ya meza ya kusomea. Lugarawa, katika wilaya ya Ludewa mkoani Njombe, ni mahali linapoweza kutazamwa kwa macho. Ni nchi ya milima na baridi, nchi ya mahindi na maharage, yenye kanisa na hospitali ya Jimbo Katoliki la Njombe, na njia zake hupanda na kushuka hata gari zima hulalamika. Kipuri kisichopatikana dukani huagizwa Njombe, na kisichopatikana Njombe hufuatwa Makambako, mji ambamo reli ya TAZARA na barabara kuu iendayo Zambia hukutana. Kwa miaka mingi nguvu iliyotumika katika karakana za vijiji vya huko ilikuwa ya namna mbili: ya mkono, na ya mafuta ya dizeli. Kisha maji ya milimani yakapewa kazi. Mtambo mdogo wa umeme ulijengwa Mawengi, na baadaye mwingine, usiofika megawati 2, ukajengwa kwenye mto Madope, huko huko Lugarawa. Umeme ulipofika, taa ziliwaka majumbani, na katika karakana zikasikika sauti mpya: grainda, drili, mashine ya kuchomelea. Chombo ambacho zamani kilikuwa habari ya mjini sasa kimetundikwa msumarini nyuma ya mlango. Na pale ambapo zamani fundi hakuwa na la kuchagua, sasa analo.

Ichukuliwe mathalani mashine ya kusaga unga ambayo beringi yake imekwisha. Nyumba ya beringi imefungwa kwa bolti nne. Tatu zimefunguka kwa adabu. Ya nne imeshikwa na kutu, haitaki. Mbele ya fundi ziko njia kadhaa. Anaweza kutafuta spana ya ringi ya namba ile ile, ikazikumbatia pembe zote sita za nati, akatia mafuta, akaigonga kidogo ili mafuta yapenye, kisha akaiacha hata kesho. Anaweza kuipasha nati moto, kwa kuwa chuma kikipata moto hupanuka, na nafasi ya unene wa unywele mmoja yatosha kuvunja urafiki wa kutu. Anaweza kuchukua ile spana inayopanuka na kujifunga kwa kila namba, ambayo lugha ya gereji imeiita spana malaya. Anaweza kuchukua nyundo na tindo. Anaweza pia kuwasha grainda akakata kichwa cha bolti kwa dakika moja, cheche zikaruka, na waliosimama wakamsifu.

Jina la spana malaya halipendezi katika maandishi ya heshima, na ni dhuluma kwa wanawake wanaotukanwa ndani yake. Lakini hukumu waliyoitia watu wa gereji katika chombo chenyewe haifai kupuuzwa. Waliona kwamba zana inayomkubali kila mmoja haimshiki yeyote barabara. Taya zake huacha nafasi ndogo, nati huteleza, pembe zake huviringika, na baada ya hapo hata spana halali ya namba yake haipati pa kushika. Kosa la kwanza limeufunga mlango uliokuwa ungali wazi. Hapa ndipo penye uzito wa jambo. Mafuta yakishindwa, moto ungalipo; moto ukishindwa, tindo ingalipo; bali grainda ikishapita hakuna cha kurudiwa. Fundi mwenye busara huzipanga zana zake kwa kadiri zinavyoacha nafasi ya kutubu, akaanza na ile iachayo nafasi kubwa.

Na gharama ya kila njia humwangukia nani? Mafuta na subira hulipwa na fundi, kwa saa zake mwenyewe. Grainda hulipwa na mwenye mashine: bolti mpya, nauli ya Njombe, na pengine nyumba ya beringi iliyochanwa ubavu. Basi fundi anayeharakisha amejifanyia hisani kwa fedha ya mtu ambaye hakuulizwa. Ikiwa aliulizwa, akaelezwa hasara iliyomo, naye akakubali kwa kuwa mtaa mzima unangoja unga, hukumu hubadilika: kukata kwaweza kuwa ndiyo haki yenyewe, na kungoja hata kesho kukawa majivuno ya fundi apendaye kuonekana mpole kwa chuma huku watu wakilala na njaa. Kwa hiyo zana ile ile, juu ya bolti ile ile, yaweza kuwa dhuluma saa nne na uadilifu saa tano, na kilichopita katikati ni mazungumzo ya dakika mbili.

Aristotle aliuita mkono zana ya zana, maana ndio utumiao nyingine zote. Angeweza kuongeza kwamba mkono una fadhila nyingine: husikia. Watu hudhani kuwa bolti hushika kwa sababu imesukumwa ndani kama kizibo. Kwa hakika hushika kwa sababu imevutwa. Nati inapozungushwa, mwili wa bolti hurefuka kwa kiasi kisichoonekana kwa jicho, kisha hujaribu kurudi katika urefu wake kama mpira uliovutwa, na jitihada hiyo ya kurudi ndiyo ibanayo vipande viwili pamoja. Ikivutwa kidogo mno, hulegea kwa mtikisiko. Ikivutwa kupita mpaka wake, hairudi tena sawasawa, na siku ya kukatika kwake imekaribia. Fundi mwenye spana mkononi huusikia mpaka huo ukija: nati ilikuwa ikizidi kuwa nzito, na ghafula uzito unaacha kuongezeka ilhali nati ingali ikizunguka. Chuma kimeanza kukubali. Mkono husita kabla akili haijapata neno la kusema.

Mashine ya kukazia nati, iwe ya upepo au ya umeme, haina masikio hayo. Nati za gurudumu la gari dogo aghalabu hutaka kukazwa kwa nyutoni-mita 100 hivi, yaani kama uzito wa kilo 10 ulioning'inizwa mwisho wa mtaimbo wa mita moja. Nazo ziko mashine zinazoweza kutoa mara tatu ya kiasi hicho, tena kwa muda wa kufumba na kufumbua. Meno yaliyoingia upande huliwa yote kabla mtu hajatambua kwamba yaliingia upande. Tofauti ya zana hizi mbili ni tofauti ya wakati: ya mkono huonya kabla ya dhara, ya umeme hutoa habari baada yake. Tofauti hiyo huhamisha mahali pa wajibu. Mwenye spana ya mkono anaweza kufikiri huku akitenda. Mwenye mashine hana budi awe amekwisha kufikiri, maana kidole kikishabonyeza, nafasi ya kufikiri imekwisha.

Wako watakaoyasikia haya wakadhani kwamba ni sifa za mkono na lawama za mashine. Dhana hiyo ni ya kale. Katika kitabu cha Kichina kiitwacho Zhuangzi kimo kisa cha mzee mtunza bustani aliyekuwa akishuka kisimani na chungu, akipanda, akimwagilia, akishuka tena. Mpita njia alimweleza habari za nyenzo ya kutekea maji ambayo kwa kazi ndogo humwagilia bustani kubwa. Mzee aliijua, ila aliona haya kuitumia, akihofu kwamba atumiaye mashine huishia kuwa na moyo wa mashine. Kisa ni kizuri, na walimu wamekipenda kwa karne nyingi. Hata hivyo mzee aliihurumia nafsi yake kuliko mboga zake. Bustani ilikuwa yake, na hasara ilikuwa yake. Angekuwa anamwagilia bustani ya mjane kwa ujira, usafi ule wa moyo ungenunuliwa kwa kiu ya mimea ya mjane. Gandhi, ambaye hakuna awezaye kumshuku kwa kupenda mitambo, aliitoa cherehani ya Singer katika lawama zake alipozungumza juu ya mashine mwaka 1924, kwa kuwa alimwona mtu aliye mbele ya cherehani. Na Mwalimu Nyerere, baada ya Azimio la Arusha la 1967, aliwahimiza wakulima wavuke kutoka jembe la mkono hadi plau ya ng'ombe, badala ya kungoja matrekta. Taifa zima liliambiwa lichague jembe, na hakuna aliyelijibu kwa methali.

Zana ya mkono nayo ina uovu wake. Tupa isiyo na mpini humchoma fundi kiganjani. Nyundo iliyolegea shingoni huruka ikampata asiyehusika. Tindo iliyopondeka kichwa kama uyoga hutoa vipande vya chuma vinavyoingia machoni. Na mtu mwenye vyuma 40 vya kukata kwa ajili ya dari ya darasa, akivikata vyote kwa msumeno wa mkono kwa sababu ya mapenzi ya kale, ameipoteza wiki ya watoto bila kumfaidia yeyote.

Hesabu ya grainda yafaa kutazamwa kwa utulivu. Grainda ndogo huvaa diski ya milimita 115, nayo huzunguka kiasi cha mara 11,000 kwa dakika. Ukingo wa diski hiyo hukimbia mita 66 kila sekunde, karibu kilomita 240 kwa saa. Diski za kawaida za kukatia chuma huandikwa mpaka wa mita 80 kwa sekunde. Basi hapo hakuna ubaya. Sasa fundi ana bomba nene na diski ndogo haifiki. Anafungua kinga ya bati, kwa sababu kinga yaizuia diski kubwa isiingie, akafunga diski ya milimita 230 iliyofanywa kwa ajili ya grainda kubwa, ambayo mpaka wake ni kuzunguka mara 6,600 hivi kwa dakika. Mashine ndogo haijui kilichobadilishwa. Yazunguka vile vile. Ukingo sasa wakimbia mita 132 kwa sekunde. Nguvu inayotaka kuipasua diski hukua kwa mraba wa mwendo, hivyo imepita kiasi kilichowekewa mpaka kwa zaidi ya mara mbili na nusu. Pengine diski itavumilia leo. Pengine itavumilia mwezi mzima, na hilo ndilo baya zaidi, maana uvumilivu wake utahesabiwa kuwa ni ushahidi.

Na nani amesimama hapo? Mara nyingi aliyeshika bomba ni mwanagenzi, kijana wa miaka 16 au 17, aliyeletwa na mzazi wake ili apate kazi ya kumlisha. Hakuichagua diski ile. Hakuifungua kinga. Akiambiwa "shika hapa" na mtu anayemwita bosi au baba, hushika. Wanafalsafa wamezoea kuuliza kama mtendaji alikuwa huru. Katika karakana swali hilo lina majibu mawili kwa tendo moja, kwa kuwa mwenye kuchagua ni mmoja na mwenye kusimama mbele ya kilichochaguliwa ni mwingine. Mkubwa aliyejichagulia hatari amecheza na chake. Mkubwa aliyemchagulia kijana hatari ile ile, kwa sauti ile ile ya kawaida, amefanya tendo lililo mbali na la kwanza kama wizi ulivyo mbali na ubadhirifu. Miwani ya kukingia macho ikiwa moja tu karakana nzima, inapasa kuwa juu ya uso wa nani? Jibu la swali hilo laonyesha tabia ya fundi upesi kuliko cheti chake.

Nchi hii ya Ludewa haikuanza leo kujua chuma. Liganga ina mawe ya chuma ambayo serikali imekuwa ikiyazungumzia kwa miongo mingi. Na Wapangwa, wenyeji wa milima hiyo, walikuwa wayeyushaji na wahunzi, wakifua majembe yaliyotafutwa na majirani, mpaka majembe ya viwandani kutoka ng'ambo yalipoizima kazi hiyo. Mtafiti Randi Barndon, aliyeandika juu ya uhunzi wa Wapangwa na wa Wafipa, ameonyesha jinsi tanuru lilivyofikiriwa kama mwili wa mwanamke, na jinsi uyeyushaji ulivyozungukwa na miiko, mmojawapo ukiwa kujitenga na unyumba. Msomaji wa leo hutabasamu. Asitabasamu upesi. Moto wa mivukuto ulikuwa nguvu kubwa kuliko zote walizokuwa nazo wazee hao, nao ulifanana na mashine ya leo kwa jambo moja: haukuonya. Tanuru likishafungwa hakuna aonaye ndani, na kosa hujulikana linapobomolewa, mkaa ukiwa umekwisha na jasho limekwisha. Penye nguvu ya namna hiyo hakuna busara iliyobaki isipokuwa ile itanguliayo, na mwiko ni namna moja ya busara itanguliayo: humlazimisha mtu aanze kazi kabla ya kazi kuanza.

Miiko ya karakana ya leo haina tanuru wala bibi arusi, ila kazi yake ni ile ile. Nati huanzwa kwa vidole, mizunguko miwili au mitatu, ndipo mashine ikaitwa. Waya hung'olewa ukutani kabla diski haijabadilishwa. Betri ya gari hutenganishwa kabla ya kuchomelea bodi. Neno husemwa kwa sauti kabla moto wa kuchomelea haujawashwa, ili aliye karibu afumbe macho au ageuke. Na mahali ambapo umeme ni wa mtambo mdogo, kama katika vijiji hivyo, mwenye mashine ya kuchomelea hupaswa kukumbuka kwamba mwisho wa waya mwembamba taa za jirani hufifia kila anapogusa chuma. Hakuna sheria ya fizikia inayomkataza kuchomelea saa mbili usiku, watoto wakisoma. Kinachomkataza, ikiwa kipo, kimo ndani yake.

Hoja moja yabaki, nayo ni nzito kuliko zote. Fundi maskini atasema: haya yote ni ya watu wenye kabati la zana. Yeye ana spana malaya moja, nyundo moja, na grainda ya kuazima. Spana yenye kipimo cha kukazia ameiona katika picha. Mtu asiye na vitu viwili achague nini? Wenye kulaumu wakiwa wameketi penye vitabu hawana budi kuinama mbele ya maneno hayo. Umaskini hupunguza uchaguzi, na lawama hupaswa kupungua kwa kadiri hiyo hiyo. Lakini haufiki kuwa sifuri. Limebaki chaguo moja ambalo halihitaji kabati: kusema, "Sina zana ya kazi hii, ipeleke Njombe." Maneno hayo ni machungu. Humnyima fundi chakula cha siku ile, humtoa sifa mbele ya mteja, na huenda jirani yake asiye na haya akaichukua kazi akaiharibu na kulipwa. Kumdai mtu maneno hayo ni kumdai mengi. Ila gari lenyewe litashuka milima ile likiwa na watu, na nati zilizokazwa kwa kubahatisha hazijui kama aliyezikaza alikuwa na sababu nzuri.

Ndiyo maana deni hili si la fundi peke yake. Mteja naye huchagua zana, ingawa hazigusi. Asimamaye juu ya kichwa cha fundi akiitazama saa yake, akisema anaitaka leo na kwa nusu ya bei, amekwisha kumkabidhi grainda mkononi. Na bolti ikikatwa, atanung'unika kana kwamba hakuwapo. Hulipa kwa moyo kinachoonekana, yaani kelele, cheche na kitu kipya kilichofungwa. Fundi aliyetia mafuta jioni na kufungua nati asubuhi kwa mkono mmoja, bila kishindo, akiomba shilingi elfu mbili za usiku ule, huulizwa ni kazi gani aliyoifanya, kwa kuwa bolti ililala peke yake.